Waya wa Kulia

Ulikatika Jumanne, juu kidogo ya Igawilo,
uzi baada ya uzi ndani ya kishikio,
kama mtu anayeacha kazi bila kuaga.
Sikushangaa. Wiki mbili ulikuwa unaniambia:
mzito asubuhi, unasita kwenye jino la nne,
unajibu nikishauliza mara mbili.

Fundi Asajile wa Mwanjelwa aliuita waya wa kulia
kwa kuwa unakaa upande wa kulia,
na kwa kuwa, alisema, ndio unaolia.
Aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli kwa mkono,
akafumba jicho moja, akatega sikio.
Robo mzunguko kwenye skrubu.
Kwa. Kwa.
Robo nyingine.
Kwa.
"Haya, kanyamaza. Mchukue mwanao."

Lakini mkono wangu huu,
tangu nianguke Mlima Nyoka kwenye mchanga wa lori,
kidole cha kati kimekuwa mpangaji mkaidi:
kipo, kodi hakilipi.
Mwezi wa saba, ukungu wa Isyonje ukinikaa kwenye nyusi,
nilikuwa nabadili gia kwa kiganja kizima
kama anayesukuma mlango wa ghala,
baiskeli ikiyumba kuelekea magunia ya viazi
na akina mama wakinipigia kelele:
"We dada! Hivyo bado havijalipiwa!"

Nikanunua za umeme, mitumba, kwa Gwakisa,
pesa ya parachichi za misimu miwili.
Betri kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki.
Vitufe viwili. Hakuna cha kuvuta.
Asajile aliugeuza ule mkono wa gia, akaunusa,
akanywa chai yake hadi nusu kikombe.
"Sasa mimi hapa nisikilize nini?"
Nikajibu upesi, na ndipo nilipokosea:
"Hamna. Inajirekebisha yenyewe."

Usiku ule nilichaji kando ya simu ya mama.
Luku ilikuwa inasoma uniti tatu.
Mama akauliza kama siku hizi na baiskeli inakula.

Jumamosi, saa kumi na mbili, baridi ya kukata masikio,
nikagusa.
Sikusukuma. Niligusa,
kama unavyogusa bega la aliyelala
usiyetaka kumwamsha kabisa.
Zii. Mnyororo ukapanda.
Nikagusa tena, kwa sababu tu naweza.
Zii. Zii.
Nilimaliza kilima cha Isyonje machozi yananitoka,
maana sikuwa nimewahi kuhesabu
kidole kile kimeniibia asubuhi ngapi.

Niseme na la pili, nisije nikawa mwongo.
Kifaa hiki hakinung'uniki.
Matope, vumbi, mvua iliyokesha siku tatu,
jibu lake la leo ndilo la jana.
Halafu siku moja, taa nyekundu, basi,
kama karani anayefunga dirisha ukiwa wa pili kwenye foleni.
Waya ulikuwa unakufa tunaonana.

Jumatatu nilirudi Mwanjelwa. Hakuna kilichoharibika.
"Kuna nini?"
"Hamna. Isikilize tu."
Akainua gurudumu. Akafumba jicho lilelile.
Zii.
Akasogea karibu, shavu likakaribia kugusa mnyororo.
Zii.
"Huyu analia kwa ndani," akasema,
na bila kuniangalia
akanyoosha mkono kutafuta bisibisi ndogo.

Waya wa zamani sikuutupa.
Nimefungia mlango wa banda la kuku.
Alfajiri jogoo anapousukuma kwa kifua,
unakaza, unalia kidogo,
na kidole changu kibovu, ndani ya blanketi,
kinabadili gia.